Nani Atamwonya Tajiri?

Uwanja wa Makadara umezoea maneno. Siasa zimehubiriwa hapa na mawaidha yametolewa hapa, kwenye wadi inayobeba majina mawili, Mji wa Kale/Makadara, ndani ya eneo bunge la Mvita. Msikiti wa Mabaluchi uko mtaani humu. Fort Jesus si mbali kwa miguu, na ukishika barabara ya Nkrumah utayapita makanisa makuu mawili: la Kumbukumbu la Waanglikana, lenye kuba mithili ya msikiti, na la Roho Mtakatifu la Wakatoliki.

Wasemaji watano wanaofuata ni wa kubuni, na kanisa lao pia ni la kubuni. Hoja zao hazikubuniwa. Husikika ibada ikimalizika, watu wakiwa bado wanatafuta viatu vya watoto. Jambo lenyewe ni hili. Kanisa dogo la kisiwani lina paa linalovuja. Muumini wa hapo hapo, mwenye magodauni Shimanzi, amejitolea kulipia mabati, mbao na mafundi. Ameomba mawili tu: siku ya uzinduzi apewe kipaza sauti, na jina lake liandikwe kwenye kibao mlangoni. Baraza la kanisa limegawanyika. Wanne wao wamehamia kwenye benchi la muuza kahawa pembeni mwa uwanja, na dele liko juu ya makaa.

MWEKA HAZINA: Nianze mimi, kwa kuwa daftari ninalo. Mabati yetu yameliwa na chumvi ya bahari, ukiyagusa kwa kidole yanatoboka. Masika iliyopita tulipanga ndoo katikati ya viti, mchungaji akawa anahubiri huku akishindana na matone. Sadaka ya Jumapili inalipa umeme, maji ya boza na mlinzi. Ikishalipa hivyo, haibaki hata ya misumari. Sasa Mungu ametuletea mtu, nanyi mnataka nikamwambie hapana kwa sababu ana pesa?

MZEE WA KANISA: Si kwa sababu ana pesa, mama. Ni kwa sababu ya kile ambacho pesa zake zitatufanya sisi. Nimefanya kazi bandarini miaka mingi, nimewaona matajiri wa kila rangi, na sina kinyongo nao. Lakini hebu tazama wale ambao Injili inawataja. Yule kijana aliyekuja kuuliza njia ya uzima alikuwa ameshika amri tangu utotoni, naye akaondoka na huzuni yake. Yule mwenye mavuno mengi alipanga kujenga maghala makubwa zaidi, akafa usiku huo. Yule aliyekuwa na Lazaro mlangoni hatuambiwi kwamba alimpiga wala kumfukuza. Alimpita tu, kila siku. Hakuna hata mmoja kati ya hawa watatu aliyeshtakiwa kwa wizi. Hilo ndilo linalonitisha. Mwizi anajua kuwa ameiba. Mwenye mali halali anaweza kupotea bila kujua kuwa ameshaiacha njia.

MFANYABIASHARA: Mzee, nakuheshimu, lakini unasoma kurasa unazozipenda. Zakayo alikuwa tajiri, na wokovu ukaingia nyumbani kwake. Yusufu wa Arimathaya alikuwa tajiri. Bila yeye hata kaburi lisingepatikana. Lidia wa Filipi aliuza nguo za zambarau, bidhaa ya wenye nazo, na nyumba yake ikawa kituo cha Paulo. Luka anawataja wanawake waliomhudumia Yesu kwa mali zao, mmoja wao mke wa msimamizi wa Herode. Klementi wa Aleksandria, hapa hapa Afrika, aliandika kitabu kizima juu ya swali hili zaidi ya miaka 1,800 iliyopita. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kila mtu akitupa alicho nacho, mwenye njaa atalishwa na nani? Mali ni chombo. Mimi natoa mizigo bandarini kwa niaba ya watu, na najua chombo hakina dhambi. Na tusidanganyane: mkono mtupu haulambwi. Harambee ikitangazwa, wa kwanza kupigiwa simu ni mimi. Siku nikinunua gari, wa kwanza kuuliza limetoka wapi ni hao hao walionipigia.

KIJANA: Kaka, hilo la kupigiwa simu nakubali. Lakini chombo hicho kimeshageuka mungu mbele ya macho yetu. Mwaka 2014 runinga ya KTN ilituonyesha mhubiri wa Nairobi akiwaagiza watu watume shilingi 310 kwa simu ili waombewe. Tulicheka, 310 ikawa utani wa mtaani. Mimi sikucheka sana, kwa sababu mamangu naye alikuwa na mhubiri wake wa redioni. Alipanda mbegu mpaka kodi ya nyumba nayo ikapandwa. Mavuno hayakuja, na alipouliza akaambiwa imani yake ni haba. Yaani aliibiwa, kisha akalaumiwa kwa kuibiwa.

MFANYABIASHARA: Huyo ni tapeli. Usimfananishe na mtu anayetaka kutuezekea kanisa.

KIJANA: Simfananishi. Nasema fundisho ni lile lile: mwenye nyingi amebarikiwa, basi apishwe mbele. Machi 2025 Rais William Ruto aliahidi shilingi milioni 20 kwa kanisa moja la Roysambu. Jumapili iliyofuata vijana wakaandamana huko, wakakutana na vitoa machozi. Wengi wa wenzangu hawajaacha kumwamini Mungu. Wamechoka kuona madhabahu imekuwa jukwaa la mwenye bahasha nene.

MUUZA KAHAWA: Niwieni radhi, mimi jirani tu, na msikitini kwetu hatujasalimika na haya. Tuna kisa cha Qaruni, aliyemezwa na ardhi pamoja na hazina zake, na bado wako wanaotaka msikiti uitwe jina lao. Lakini mkisema habari ya kanisa na mali mbele ya Makadara, nami nimezaliwa hapa, siwezi kunyamaza. Ile ngome pale ina jina la nani?

MZEE WA KANISA: La Yesu. Wareno walianza kuijenga 1593.

MUUZA KAHAWA: Basi sikilizeni. Makapteni wa ngome hiyo walipewa cheo kwa miaka michache, na kila mmoja alitaka kurudi kwao akiwa na chake. Wakaishika biashara, pembe na nguo, na sultani aliyekuwa rafiki yao wakamsumbua katika haki zake. Sultani Hasan bin Ahmad aligombana nao, akaukimbia mji, akauawa bara mwaka 1614 kwa njama yao, kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe Yusuf alilelewa huko Goa na watawa Waagustino, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo Chingulia. Walimrudisha atawale 1626. Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, kisha Wakristo wa mji, Wareno na wenyeji, wakauawa zaidi ya mia. Sisemi alifanya vyema. Walikuwemo wanawake na watoto ambao hawakuuza hata pembe moja. Ninachouliza ni hiki: watawa walikuwa na nyumba yao hapa mjini, na makapteni walikuwa waumini wao. Kazi ya kumwambia kapteni "basi, inatosha" ilikuwa ya nani?

Kahawa inamiminwa tena. Kijana anavunja kashata, anampa Mweka Hazina nusu. Swali la muuza kahawa halijibiwi mara moja, na atakayelijibu kwanza ni yule ambaye lingemwudhi zaidi.

MFANYABIASHARA: Ami, umesema kweli, ila historia ya mji huu ina upande wa pili. William Mackinnon alikuwa Mskoti mwenye meli, mtu wa kanisa, na ndiye aliyeanzisha Kampuni ya Imperial British East Africa iliyopata hati yake 1888. Wakati huo misheni ya Rabai ilikuwa imejaa watumwa waliotoroka, na mabwana zao wakiwadai. Misheni peke yake haikuwa na uwezo. Msimamizi wa Kampuni, George Mackenzie, akapanga mabwana walipwe fidia, na mwanzoni mwa 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Fedha ya tajiri ilisaidia kuwafungua. Sasa niambieni, yule aliyepokea hati yake pale Rabai angeuliza kwanza kama fedha ile ni safi?

MZEE WA KANISA: Asingeuliza, na mimi nisingemtaka aulize. Aliyefungwa hana wajibu wa kuchunguza ufunguo. Lakini Kampuni ilikuwa mfanyabiashara, nayo ilihitaji amani na wenye watumwa ili misafara yake ipite. Na ilipojitoa 1895 haikuondoka mikono mitupu: ililipwa pauni 250,000, na 200,000 kati ya hizo zilitoka kwenye fedha za Sultani wa Zanzibar mwenyewe. Sisemi wema wa Rabai ulikuwa wa uongo. Nasema ulikuwa na daftari, na kanisa lililofaidika lilipaswa kulisoma daftari lote, si ukurasa wa uhuru peke yake.

MWEKA HAZINA: Mzee, ukisoma daftari lote la kila mtu, sadaka itabaki ya nani? Hata shilingi ishirini ya mama muuza mchicha imepitia mikono usiyoijua.

MFANYABIASHARA: Na kuna jambo mnaliogopa kulitaja. Haya mahubiri ya kuulaani utajiri yana mwisho wake mbaya. Shakahola iko Kilifi, si mbali. Mwaka 2023 tulihesabu miili mpaka ikapita 400. Wale watu waliambiwa dunia imekwisha. Wako walioacha kazi, waliouza walivyo navyo, waliowatoa watoto shuleni, wakamfuata mhubiri wao msituni. Hawakuuawa na fundisho la kupanda mbegu. Waliuawa na fundisho la kuikataa dunia. Mtu anayehubiri kuwa mali ni sumu naye achungwe.

KIJANA: Hapo sina ubishi.

MZEE WA KANISA: Nami sina. Ila angalia walioambiwa ni nani. Yesu alimwambia auze vyote mtu aliyekuwa navyo vingi, tena aviuze ili maskini wapate. Yakobo anawakemea wenye mashamba. Paulo anamwagiza Timotheo awaonye matajiri wa sasa. Ukilichukua onyo hilo, ukampelekea mtu mwenye kuku watatu na kitanda, umemwibia mara ya pili. Onyo lina anwani. Sisi tumelipotosha pande zote mbili: maskini tunamhubiria aridhike, tajiri tunamhubiria kuwa amebarikiwa. Kila mmoja anapewa barua ya mwenzake.

MWEKA HAZINA: Hayo ni mazuri, lakini paa bado linavuja.

KIJANA: Mama, nilikuwa sitaki kulisema hili mbele ya kaka. Napakia abiria Shimanzi kila siku kwa tuktuk yangu. Mahamali wa magodauni yale hawajalipwa miezi mitatu. Wawili ni wa kwaya yetu. Mmoja nampeleka kwake kwa mkopo, na kila akishuka ananiambia "andika". Hizo mbao mnazoahidiwa ni mshahara wake.

Benchi linanyamaza. Mfanyabiashara anaweka finjani chini.

MFANYABIASHARA: Una hakika?

KIJANA: Waulize wenyewe. Watakwambia wakijua hutapeleka majina yao.

MFANYABIASHARA: Basi nimtetee kwa linaloweza kutetewa. Watu wa nje hawajui tulivyoumia. Mizigo ilipolazimishwa kupanda reli ya SGR kwenda Nairobi, magodauni hapa yalibaki na panya. Amri ile iliondolewa Septemba 2022, lakini madeni ya benki hayakuondoka nayo. Wanaodaiwa nao hawalipi, serikali ikiwa mmoja wao. Labda anazungusha pesa kama sisi sote.

MZEE WA KANISA: Pesa za kuzungusha amezikosa kwa mahamali na amezipata kwa mabati yenye jina lake. Sisemi ni mtu mbaya. Ndivyo mali inavyofanya kazi ndani ya mtu: deni la mnyonge linaweza kungoja, sifa haiwezi. Yakobo aliandika juu ya jambo hili hili, ujira wa wavunaji uliozuiliwa, na anasema kilio chao kimeshafika juu. Hatusubiri ufunuo mwingine.

MUUZA KAHAWA: Wanavyuoni wetu wanasema zaka, ile moja katika arobaini, hutakasa mali ya halali. Haki ya mtu haitakaswi kwa kutoa sadaka. Hurudishwa kwa mwenyewe.

MWEKA HAZINA: Na Zakayo ndivyo alivyofanya, sasa nakumbuka. Nusu kwa maskini, lakini aliowadhulumu aliwarudishia mara nne. Tunaisimulia ile nusu, zile mara nne tunaziruka.

MZEE WA KANISA: Sasa nirudi kwa lile swali la Ami. Kazi ya kumwambia ni ya nani? Kati yetu nani amewahi kumwambia huyu ndugu lolote ila ahsante?

MWEKA HAZINA: Mimi humpelekea risiti. Nikifika ofisini kwake nakaribishwa soda, namwambia Mungu akuzidishie. Kusema kweli sijawahi kumwuliza hata hali ya roho yake. Nisingethubutu.

MZEE WA KANISA: Wala mimi. Tunasema utajiri ni hatari kwa roho, tukidhani hatari ni starehe, magari, kiburi. Naona hatari kubwa iko mahali pengine. Mtu akiwa nazo, walio karibu naye wanaacha kumwambia ukweli, mmoja mmoja, kila mmoja kwa faida yake. Mwisho hata kanisa linaacha. Sisi maskini tunaonywa bure kila siku, na mke, na jirani, na kondakta wa matatu. Yeye analipa ili asionywe, nasi tunapokea malipo. Katika kisa cha Naamani, jemadari aliyeponywa ukoma, nabii Elisha alikataa zawadi zake. Gehazi, mtumishi wake, akamkimbilia nyuma, akazipokea kwa siri. Ukoma ukahama kwa aliyetoa, ukamshika aliyepokea.

KIJANA: Viongozi wakubwa wameanza kuliona. Septemba 2021 kule Butere, siku ya kumweka wakfu Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya Kianglikana nchini, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa kipaza sauti. Na Novemba 2024 maaskofu Wakatoliki waliikosoa serikali tarehe 14, siku ya Alhamisi. Jumapili tarehe 17 Rais yuko kanisani Soweto, Nairobi, anatoa shilingi milioni 2 za nyumba ya padre na 600,000 kwa kwaya na vikundi vya parokia, na ahadi ya nyingine pamoja na basi. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akasema zirudishwe. Hebu fikiria zingebaki. Lile onyo la Alhamisi lingesikika vipi tena?

MFANYABIASHARA: Hao ni maaskofu. Wana majengo, wana mashule. Wanaweza kukataa milioni 2 na wakalala pakavu. Sisi tukikataa tutalowa. Nanyi mkimkataa kwa kumwaibisha, atahamia kanisa jingine wiki hiyo hiyo, atapewa kiti cha mbele, na mahamali watabaki bila mshahara. Mtakuwa mmejisafisha nyinyi, hamjamsaidia yeyote.

MZEE WA KANISA: Hoja hiyo ina uzito, na kwa sababu hiyo mimi sisemi akataliwe. Nasema aambiwe. Kumkataa bila kumwambia ni kiburi chetu. Kumpokea bila kumwambia ni tamaa yetu. Tajiri ana haki ya kuonywa kama mgonjwa alivyo na haki ya kujua ugonjwa wake. Tukimnyima hiyo tumemdhulumu, hata tukimwombea kila Jumapili.

MWEKA HAZINA: Basi tuweke sawa, maana mali bila daftari hupotea bila habari, na maneno nayo vile vile. Tunakwenda kwake watatu, kimya kimya, si kwenye mimbari. Tunamwambia mishahara kwanza. Hatutaji hamali yeyote kwa jina. Akiwalipa, mchango wake tunaupokea, kidogo au kikubwa, unaandikwa kitabuni kama wa mwingine yeyote. Kibao hakuna, kipaza sauti hakuna. Asipowalipa, ndoo zangu zipo.

MUUZA KAHAWA: Na akiwafukuza?

MWEKA HAZINA: Tutakuwa tumefukuzwa kwa kazi tuliyotumwa. Nani anakuja nami Jumatatu? Nataka mmoja anayeijua biashara, asije akatuzungusha kwa hesabu.

KIJANA: Kaka ndiye anayefaa.

MFANYABIASHARA: Nitakwenda. Lakini si Jumatatu. Nipeni mpaka Ijumaa.

MWEKA HAZINA: Kwa nini Ijumaa?

MFANYABIASHARA: Nina vijana wawili ofisini, mshahara wao wa mwezi uliopita bado sijautoa. Siwezi kuingia kwa mwenzangu na hayo maneno kabla sijawalipa.

MWEKA HAZINA: Ijumaa, basi. Naandika.